Karatasi Zilizozikwa Warsaw: Jinsi Ilivyojulikana Habari ya Mauaji ya Wayahudi



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka aijua maana ya methali hiyo, na mkulima apelekaye mazao yake katika chama cha ushirika aijua pia. Lakini methali hiyo ni ya kweli hata kwa watu, wala si kwa mali peke yake. Watu wa mji mzima waweza kuuawa, na habari yao ikafa pamoja nao, ikiwa hapana aliyeiandika.

Habari ya hotuba hii ni mauaji ya Wayahudi wa Ulaya, yaliyofanywa na serikali ya Adolf Hitler wa Ujerumani pamoja na wasaidizi wake wakati wa Vita Kuu ya Pili, hasa baina ya mwaka 1941 na mwaka 1945. Wayahudi wapatao 6,000,000 waliuawa, wanaume kwa wanawake, wazee na watoto wachanga. Serikali hiyo iliwaua na watu wengine wengi: Waroma, wagonjwa wa akili na walemavu, Wapolandi, na wafungwa wa vita wa jeshi la Kisovieti. Lakini Wayahudi walikusudiwa kuangamizwa wote, popote walipokuwapo, asibaki hata mmoja.

Mtu mwenye akili asikiapo hesabu kubwa namna hiyo ana haki ya kuuliza: Imejulikanaje? Nani aliyehesabu? Waliouawa hawawezi kusema, na wauaji walikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Swali hilo si utovu wa adabu. Ni swali la kwanza la kila mwanafunzi wa historia, na hotuba hii yajaribu kulijibu.

WAYAHUDI WALIKUWA WATU GANI

Watu wengi wa Afrika ya Mashariki huwajua Wayahudi kwa kusoma Maandiko, na kwa hiyo huwadhania kuwa ni watu wa zamani tu, watu wa jangwani na wa ngamia. Lakini Wayahudi wa Ulaya walikuwa watu wa mijini na vijijini kama watu wengine: mafundi cherehani, washona viatu, waganga, walimu, wachukuzi, wenye maduka, matajiri wachache na maskini wengi. Walikuwa wamekaa katika nchi hizo kwa mamia ya miaka. Katika Ujerumani mwaka 1933 walikuwa kama 500,000, hawakufika hata mtu mmoja katika kila watu 100. Katika Polandi walikuwa wengi zaidi, kama 3,300,000. Katika mji mkuu wa Polandi, yaani Warsaw, karibu mtu mmoja katika kila watatu alikuwa Myahudi. Wengi wao walisema lugha yao wenyewe, Kiyidishi, na walikuwa na shule zao, magazeti yao na vyama vyao.

UFA USIOZIBWA

Mauaji hayakuanza kwa bunduki. Yalianza kwa maneno na kwa karatasi za ofisini. Hitler alishika serikali tarehe 30 Januari, 1933. Mwezi Aprili mwaka ule ule sheria ilitolewa ya kuwafukuza Wayahudi katika kazi za serikali. Mwaka 1935 sheria nyingine iliwanyima uraia na kuwakataza kuoana na Wajerumani wengine. Mwaka 1938 kila Myahudi aliamriwa kuongeza jina katika hati zake, mwanamume Israel na mwanamke Sara, ila yule ambaye jina lake lilikuwa tayari katika orodha ya majina ya Kiyahudi iliyowekwa na serikali. Tena pasi zao za kusafiria zilipigwa mhuri wa herufi J. Usiku wa tarehe 9 Novemba, 1938, masinagogi yalichomwa moto nchini pote, maduka yakavunjwa, na wanaume kama 30,000 wakapelekwa katika makambi ya wafungwa. Kisha Wayahudi wenyewe wakatozwa faini kwa hasara ile waliyotendewa.

Kila hatua katika hizo ilifuata nyingine polepole, na kila mara wengi walisema, "Hii ndiyo ya mwisho." Tena kila hatua ilihitaji karani wa kuandika, mpiga chapa, askari wa kusimama mlangoni, na jirani wa kugeuza uso. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa huo haukuzibwa.

Nchi nyingine nazo hazikufungua mlango. Mwezi Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana katika mji wa Évian, Ufaransa, kufikiri habari za wakimbizi hao. Karibu wote walitoa maneno ya huruma, lakini nchi zilizokubali kupokea watu zaidi zilikuwa chache sana. Wakimbizi wachache walifika hata Kenya. Mmoja wao alikuwa mtoto mdogo, Stefanie Zweig, aliyeletwa na wazazi wake mwaka 1938, naye alipokuwa mtu mzima aliandika kitabu mashuhuri juu ya maisha yao katika mashamba ya Kenya. Jamaa zake waliobaki Ulaya waliuawa.

MJI NDANI YA UKUTA

Tarehe 1 Septemba, 1939, jeshi la Ujerumani liliingia Polandi, na vita vikaanza. Mwaka uliofuata Wajerumani waliamuru Wayahudi wote wa Warsaw wahamie katika sehemu moja ya mji, iliyoitwa geto. Katikati ya Novemba 1940 milango ya geto ilifungwa. Watu zaidi ya 400,000 walikuwa ndani ya ukuta ambao kimo chake kilipita futi 10. Familia kadhaa zilikaa katika chumba kimoja. Chakula kilichoruhusiwa kisheria hakikufika hata sehemu ya kumi ya kile kimtoshacho mtu mzima. Watoto wadogo walipenya katika matundu ya ukuta kwenda kutafuta viazi na mkate upande wa pili, na wengine walipigwa risasi huko huko. Kabla hata ya makambi ya mauaji kuwafikia, makumi ya maelfu walikuwa wamekufa kwa njaa na kwa homa.

Ndani ya geto hiyo alikuwamo mwalimu wa historia jina lake Emanuel Ringelblum. Alizaliwa mwaka 1900, akasoma katika Chuo Kikuu cha Warsaw mpaka akapata shahada ya udaktari kwa kuandika historia ya Wayahudi wa mji huo. Mchana alifanya kazi katika chama cha kusaidiana, kilichowapikia supu watu wenye njaa. Lakini alikuwa na kazi nyingine ya siri. Mwezi Novemba 1940 aliwakusanya rafiki zake, akawaambia kwamba haifai kungoja vita viishe ndipo historia iandikwe. Hapana budi iandikwe palepale na wale wanaopatwa na mambo, kwa kuwa hakuna ajuaye kama kesho watakuwapo.

Walikutana siku ya Jumamosi, ambayo ni siku ya Sabato, na kwa sababu hiyo waliita kikundi chao Oyneg Shabes, yaani Furaha ya Sabato. Jina hilo liliwaficha vizuri, maana aliyelisikia alidhani ni karamu tu. Walikuwa watu wapatao 60: waandishi, walimu, wafanya biashara, wenye elimu ya uchumi, hata na rabi mmoja. Kama siri yao ingaligunduliwa, wote wangaliuawa.

JINSI WALIVYOFANYA KAZI

Yafaa kuangalia sana jinsi watu hao walivyofanya kazi, kwa kuwa ndipo lilipo somo lenyewe. Hawakuandika habari za wakubwa peke yao. Walimwuliza mchukuzi, walimwuliza mkimbizi kutoka kijijini, walimwuliza mama mwenye watoto, na waliwapa watoto wa shule insha za kuandika juu ya maisha yao. Tena jambo moja waliliuliza kwa watu wengi mbalimbali, ili uwongo wa mmoja usahihishwe na ukweli wa wengine. Waliweka matangazo ya serikali, magazeti ya siri, kadi za chakula, tiketi za tramu, barua, picha, mashairi, hata na karatasi za kufungia peremende. Vitu hivyo vyaonekana kuwa takataka, lakini mtu wa baadaye akivishika mkononi aweza kujua watu walikula nini, walilipa bei gani, na walikatazwa njia ipi.

Jambo lingine lilikuwa gumu zaidi. Ringelblum alitaka ukweli wote uandikwe, hata ule uliokuwa aibu kwa Wayahudi wenyewe. Katika geto walikuwako matajiri walioketi hotelini huku maiti zikilala barabarani. Walikuwako askari wa Kiyahudi waliowekwa na Wajerumani, nao baadaye walilazimishwa kuwakamata ndugu zao, na wengine walifanya kazi hiyo kwa ukali. Yote haya yaliandikwa. Kadhalika yaliandikwa mema: majirani waliogawana kipande cha mwisho cha mkate, walimu waliofundisha kwa siri, na Wapolandi Wakristo waliohatarisha maisha yao kuwaficha Wayahudi, pamoja na wengine waliowasaliti. Kwa sababu hawakuficha mabaya ya watu wao, maneno yao yaaminika zaidi leo.

HABARI KUTOKA KAMBINI

Mapema mwaka 1942 kijana mmoja alifika Warsaw kwa siri, ambaye ajulikana kwa jina la Szlamek. Alikuwa ametoroka mahali paitwapo Chełmno, ambapo tangu Desemba 1941 Wajerumani walikuwa wakiwaua Wayahudi kwa kuwafungia ndani ya magari na kuwapulizia gesi ya sumu. Yeye alikuwa amelazimishwa kuzika maiti. Wafanyakazi wa Oyneg Shabes, Hersz Wasser na mkewe Bluma, waliandika ushahidi wake wote, na nakala zikatolewa nje ya geto kwa njia za siri ili zipelekwe London. Szlamek mwenyewe hakuokoka. Alikamatwa tena akauawa katika kambi nyingine, Bełżec, mwaka ule ule.

Tarehe 22 Julai, 1942, zamu ya Warsaw ikafika. Kila siku maelfu ya watu walitolewa majumbani na kusukumwa katika mabehewa ya gari la moshi. Waliambiwa wanahamishiwa mashariki kufanya kazi. Mabango yaliwaahidia wale watakaokuja kwa hiari mkate kilo 3 na jamu kilo 1, na wengi wenye njaa walikuja. Magari hayo yalikwenda Treblinka, yapata kilomita 80 kutoka Warsaw. Huko hapakuwa na kazi. Palikuwa na vyumba vya gesi, na watu wengi waliuawa siku ile ile waliyofika. Kwa muda wa majuma nane hivi, watu kama 265,000 walipelekwa huko kutoka Warsaw peke yake.

KUZIKWA KWA KARATASI

Katika siku hizo za kukamatwa watu, mwalimu Israel Lichtensztajn aliagizwa kuzificha karatasi. Akisaidiwa na vijana wawili waliokuwa wanafunzi wake, Dawid Graber wa miaka 19 na Nachum Grzywacz wa miaka 18, alizitia katika masanduku 10 ya bati na kuyafukia chini ya shule iliyokuwa katika barabara ya Nowolipki. Kazi hiyo iliisha tarehe 3 Agosti, 1942, huku mitaa ya jirani ikizungukwa na askari. Kila mmoja aliacha waraka wake mfupi ndani ya masanduku. Hawakuomba kusifiwa. Waliomba wakumbukwe. Lichtensztajn aliomba pia akumbukwe mkewe, Gela Seksztajn, mchoraji, ambaye picha zake zilizikwa pamoja na karatasi hizo, na binti yao Margalit, aliyekuwa na umri wa miezi 20.

Mwezi Februari 1943 sehemu ya pili ilizikwa mahali hapo hapo, ndani ya mikebe miwili mikubwa ya alumini ya kuchukulia maziwa, ya namna ile itumiwayo na wafugaji kupelekea maziwa kiwandani. Humo mlikuwa na ushahidi wa mtu mwingine, Abraham Krzepicki, aliyetoroka Treblinka baada ya kukaa siku 18 na kuyaona yote. Aliyeuandika ni mama mmoja, Rachel Auerbach, aliyekuwa akisimamia jiko la kupikia maskini.

Tarehe 19 Aprili, 1943, vijana waliobaki katika geto walishika silaha chache walizokuwa nazo wakapigana na jeshi la Ujerumani kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Geto ikachomwa moto nyumba kwa nyumba. Ringelblum alifichwa pamoja na mkewe na mwanawe na watu wengine zaidi ya 30 katika shimo chini ya bustani ya Mpolandi mmoja, Mieczysław Wolski. Hata humo shimoni aliendelea kuandika. Mwezi Machi 1944 maficho yao yalijulikana, na wote wakapigwa risasi, waliofichwa pamoja na Wolski aliyewaficha.

Katika watu wapatao 60 wa Oyneg Shabes, waliookoka vita ni watatu tu: Hersz Wasser, mkewe Bluma, na Rachel Auerbach.

Vita vilipokwisha, watatu hao waliomba pachimbwe. Haikuwa rahisi, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa kifusi, wala barabara haikuonekana. Tarehe 18 Septemba, 1946, masanduku 10 ya bati yalipatikana. Maji yalikuwa yameingia na karatasi nyingi zimeshikana na kuota ukungu, ikawa kazi ya subira kuzitenganisha. Tarehe 1 Desemba, 1950, wajenzi waliokuwa wakichimba waliigundua mikebe ya maziwa. Sehemu ya tatu haijapatikana. Zilizopatikana ni kurasa kama 35,000, nazo zimehifadhiwa Warsaw. Mwaka 1999 shirika la UNESCO liliziandikisha miongoni mwa kumbukumbu za ulimwengu.

SHAHIDI WA PILI: KARATASI ZA WAUAJI

Mtu aweza kusema, "Hao ni walioonewa; bila shaka watasema vibaya juu ya adui zao." Maneno hayo yana haki ya kujibiwa, na jibu latoka katika ofisi za wauaji wenyewe.

Serikali ya Hitler ilipenda sana taarifa na hesabu. Katika bonde la Babi Yar, karibu na mji wa Kiev, Wayahudi walipigwa risasi siku mbili, tarehe 29 na 30 Septemba, 1941. Hesabu ya waliouawa, 33,771, haikutoka kwa Wayahudi. Ilitoka katika taarifa iliyopelekwa Berlin na wauaji. Tarehe 20 Januari, 1942, wakubwa 15 walikutana katika nyumba nzuri kando ya ziwa la Wannsee, Berlin, kupatanisha kazi ya maangamizi baina ya wizara mbalimbali. Kumbukumbu za mkutano huo ziliandikwa, pamoja na orodha ya Wayahudi wa kila nchi ya Ulaya, jumla 11,000,000. Nakala moja ilipatikana mwaka 1947.

Uko mfano mwingine ulio na nguvu zaidi. Tarehe 11 Januari, 1943, afisa mmoja katika Polandi alipeleka simu ya siri, akitaja idadi ya watu waliofikishwa katika makambi manne mpaka mwisho wa mwaka 1942. Jumla ilikuwa 1,274,166. Waingereza walikuwa wakisikiliza simu za Wajerumani na kuzifumbua, nao waliinasa hiyo, lakini ilikaa katika mafaili ya London bila kutambuliwa maana yake mpaka mwaka 2000. Na katika taarifa nyingine ya mwaka 1943, iliyoandikwa na mtaalamu wa hesabu wa serikali ya Hitler jina lake Richard Korherr, jumla hiyo hiyo imo, 1,274,166, bila kupungua hata mtu mmoja.

Wazee wa baraza wajua jambo hili. Shahidi mmoja aweza kukosea au kudanganya. Lakini karatasi moja ikitoka katika mafaili ya Wajerumani, na nyingine katika mafaili ya adui zao waliokuwa wakiwasikiliza kwa siri, na zote mbili zikataja hesabu ile ile, neno hilo limethibitika. Kisha aliyetoroka shimoni naye aja kueleza kilichowapata watu hao baada ya kushuka katika gari la moshi, na maneno yake yalizikwa ardhini kabla karatasi hizo hazijaonekana na mtu. Hivyo ndivyo historia isomwavyo.

Wauaji walijua hatari hiyo. Huko Treblinka mwaka 1943 walifukua maiti wakazichoma, wakabomoa majengo, wakailima ardhi, wakapanda mimea na kujenga nyumba ya mkulima ili mpita njia adhani ni shamba tu. Kama ushahidi ungalikuwa wa macho peke yake, wangalifaulu.

UWONGO MBELE YA HAKIMU

Hata baada ya hayo yote wametokea watu wa kukana. Mwandishi mmoja Mwingereza, David Irving, aliyesema kwamba vyumba vya gesi vya Auschwitz havikuwapo, alimshtaki mwalimu wa chuo kikuu kutoka Marekani, Deborah Lipstadt, kwa kumwita mkanushaji wa historia. Kesi ilisikizwa London mwaka 2000. Wataalamu walifuata kila neno la vitabu vyake mpaka katika hati za asili, wakaonyesha mahali alipokata maneno, alipogeuza tafsiri, na alipoacha yasiyompendeza. Tarehe 11 Aprili, 2000, hakimu aliamua kwamba Irving alikuwa ameupotosha ushahidi kwa makusudi, akashindwa kesi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini haifupiki yenyewe. Yataka watu walioketi kusoma kwa bidii.

KUTOKA WARSAW MPAKA ARUSHA

Mwanasheria Myahudi wa Polandi, Raphael Lemkin, aliyezaliwa mwaka 1900 kama Ringelblum, alifaulu kukimbilia Marekani. Jamaa zake wengi waliuawa. Mwaka 1944 alibuni neno la Kiingereza la kutaja kosa la kuangamiza taifa, ambalo kwa Kiswahili huitwa mauaji ya kimbari. Alizunguka kwa wajumbe wa mataifa bila kuchoka, mpaka tarehe 9 Desemba, 1948, Umoja wa Mataifa ulipokubali mkataba wa kulizuia kosa hilo na kuliadhibu.

Mkataba huo ulikaa karibu miaka 50 bila mahakama yoyote ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa hilo. Kisha, mwaka 1994, katika nchi ya Rwanda, watu zaidi ya 800,000, wengi wao Watutsi, waliuawa kwa muda wa siku 100 hivi. Umoja wa Mataifa uliweka mahakama Arusha, Tanzania. Huko, tarehe 2 Septemba, 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba, alikuwa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Mwaka 2003 mahakama hiyo hiyo iliwatia hatiani watu watatu wa redio na gazeti, kwa sababu maneno yao yalikuwa yamewachochea watu kuua, ijapokuwa baadaye rufani ilipunguza makosa na vifungo vyao. Redio ile ilikuwa ikiwaita Watutsi mende. Katika Ujerumani nako Wayahudi walikuwa wakiitwa wadudu na panya kabla ya kuuawa.

Kwa hiyo sheria iliyoanza kwa machozi ya Myahudi wa Polandi ilipata nguvu zake kwanza katika Afrika ya Mashariki. Katika jumba la kumbukumbu la Gisozi, Kigali, ambapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000, mwenye kuzuru huona habari za Rwanda, na kisha habari za mauaji mengine ya kimbari, yakiwamo ya Wayahudi. Waliolijenga walitambua kwamba ni somo moja.

YAFAA KUFANYA NINI

Mambo matatu yapasa kushikwa na kila asikilizaye. La kwanza: asikiapo neno kubwa juu ya watu fulani, liwe la sifa au la shutuma, aulize, "Limejulikanaje, na shahidi wake wa pili ni nani?" La pili: asikiapo jirani zake wakiitwa wadudu, asicheke wala asinyamaze, kwa kuwa huo ndio ufa. La tatu: aandike. Wako wazee katika kila wilaya walioona mambo makubwa, mema na mabaya, nao wafariki kila mwaka bila kuulizwa. Daftari la shule na kalamu vyatosha kwa kuanza. Aandike tarehe, mahali, na jina la msemaji. Aulize zaidi ya mtu mmoja. Wala asifiche yasiyowapendeza watu wa ukoo wake.

Huko Jerusalem, katika nyumba ya kumbukumbu iitwayo Yad Vashem, iliyowekwa kwa sheria mwaka 1953, wamekusanya majina ya waliouawa, moja moja, na yamepita 4,500,000. Rachel Auerbach alifanya kazi huko, akiandika maneno ya waliookoka. Kazi ya kutafuta majina yaliyosalia ingali ikiendelea. Hesabu ya 6,000,000 haimwonyeshi mtu yeyote. Lakini jina la Margalit, mtoto wa miezi 20, lajulikana mpaka leo, kwa sababu baba yake aliliandika kwenye karatasi na kulizika ardhini.